Mwongozo kamili wa mashindano ya usanifu majengo kwa wanafunzi na wabunifu chipukizi

Siku ya mwisho ya shindano langu la kwanza, saa nane na nusu mchana, tulikuwa bado tunapanda miti. Miti ya kwenye kompyuta: mkorosho hapa, mwembe pale, ili ua wa jengo letu usionekane kama uwanja wa ndege. Tulikuwa wanne katika chumba cha kupanga Makongo, feni moja, laptopu mbili zenye nguvu na mbili za kuazima. Hatukuwa na haraka. Masharti yalisema kazi zipokelewe kabla ya 12:00 kwa saa za London, nasi tulikuwa tumekubaliana kwamba hiyo ni usiku wa manane, yaani saa tisa usiku kwetu. Saa tisa na robo alasiri mwenzetu mmoja akajaribu kupakia faili la majaribio, aone kama bando litatosha. Ukurasa ukamjibu kwamba shindano limefungwa. Ile 12:00 ilikuwa ya adhuhuri. Hesabu yetu ya saa tisa ilikuwa sahihi kabisa, ila ilikuwa saa tisa ya alasiri.

Wiki sita zilikwenda na maji, na ada tuliyochangishana pia. Tangu siku hiyo nimeshiriki mengine, nimeshindwa mengi, nimetajwa katika machache, na miaka ya karibuni nimekuwa nikikaa na vijana wanaojiandaa. Nimeona kwamba kazi nyingi hazitolewi na jaji. Zinajitoa zenyewe, kwa sababu wenye kazi hawakusoma walichoulizwa. Ndiyo maana nusu ya mwongozo huu inahusu mambo ya kufanya kabla ya kushika penseli.

Jua ni shindano la aina gani

Kuna shindano la kujenga. Mwenye mradi yupo, kiwanja kipo, fedha zipo au zimeahidiwa, na mshindi anapewa kazi. Jumba la Opera la Sydney lilimpata Jørn Utzon hivyo mwaka 1957, kati ya kazi 233. Kituo cha Pompidou cha Paris kiliwapata Renzo Piano na Richard Rogers mwaka 1971, kati ya kazi 681; Piano alikuwa na miaka 33, Rogers 37. Huku Afrika, Maktaba ya Alexandria ilipatikana kwa shindano ambalo Snøhetta, ofisi changa kutoka Norway, ilishinda mwaka 1989, na milango ikafunguliwa 2002. Hesabu miaka hiyo vizuri kabla hujaanza kuota.

Mashindano ya namna hii mara nyingi hudai mbunifu aliyesajiliwa. Tanzania usajili uko chini ya bodi iitwayo AQRB, Kenya uko chini ya bodi iitwayo BORAQS, na bila usajili huwezi kusimamia mradi kwa jina lako hata ukiwa na kipaji cha namna gani. Mwanafunzi anayetaka kuingia huko aingie akiwa ndani ya timu ya ofisi iliyosajiliwa, na jina lake liandikwe kwenye orodha ya washiriki tangu siku ya kujiandikisha, si baada ya ushindi.

Kuna shindano la mawazo, ambalo halijengi chochote. Mnara Mwezini, nyumba chini ya bahari, mji usio na magari. Yanafundisha kuchora na kufikiri kwa uhuru, lakini mengi ni biashara ya ada, na nitarudi kwenye hilo.

Katikati ya hayo mawili yapo machache yanayotufaa zaidi: yamelenga vijana, na bado yana kiwanja halisi na watu halisi. Kaira Looro ndilo ninalolitumia kama mfano. Linaandaliwa na Balouo Salo, shirika la kibinadamu linalofanya kazi bonde la Tanaf, kusini mwa Senegal. Kila awamu inauliza jengo moja dogo: mwaka 2021 nyumba ya wanawake, 2022 nyumba ya watoto, 2023 shule ya msingi. Vifaa viwe vya kupatikana pale pale, na ujenzi uwezekane kwa mikono ya wanakijiji. Kijana aliyekulia Kilosa au Kitui ana mengi ya kusema kwenye swali kama hilo kuliko mwenzake wa Milan, ilimradi asijisahau akachora kama mtu wa Milan.

Mwisho zipo tuzo za kazi za chuo. Medali za Rais za RIBA, taasisi ya kifalme ya wasanifu majengo ya Uingereza, ambazo mizizi yake inarudi hadi 1836, hupokea kazi za wanafunzi kutoka vyuo vya nchi nyingi, lakini huwezi kujipeleka mwenyewe: chuo ndicho kinachoteua. Hapa huhitaji kuchora kipya, unahitaji kuongea na mkuu wa idara mapema, kabla orodha haijafungwa.

Pima kama linastahili jasho lako

Chukua kalamu. Tuseme ada ni euro 80 kwa timu, na mwandaaji anajigamba kuwa mara iliyopita alipokea timu 400. Hiyo ni euro 32,000. Ukijumlisha zawadi zote unapata 6,000. Hakuna kiwanja, hakuna mteja, kuna kitabu cha picha ambacho washindi wenyewe watauziwa. Sisemi ni wizi, kuendesha shindano kuna gharama, lakini ujue wewe ni mshiriki au ni mteja.

Kisha piga hesabu ya upande wako. Watu wanne, saa 15 kwa wiki, wiki sita: saa 360. Kwa saa hizo ungeweza kufanya kazi ya kuchora ofisini kwa mtu na ukalipwa. Kwa hiyo shindano likupe kitu kimoja kati ya hivi vitatu: ujuzi usioupata darasani, kazi safi ya kuweka kwenye kitabu chako cha kazi, au nafasi halisi ya kushinda. Likikosa vyote, liache lipite. Mashindano mawili kwa mwaka yanatosha kwa mwanafunzi. Nimeona kijana anajiandikisha kwenye saba na kumaliza sifuri.

Jinsi ya kutambua lililonyooka? UNESCO ilipitisha kanuni za mashindano ya kimataifa ya usanifu mwaka 1956, ikazirekebisha 1978, na UIA, umoja wa kimataifa wa wasanifu majengo, ndio unaozisimamia. Mashindano mengi ya vijana hayapitii UIA, lakini kanuni hizo ni kipimo kizuri. Majina ya majaji yatajwe mapema, na walio wengi wawe wenye taaluma. Kazi zipokelewe bila majina. Maswali ya mshiriki mmoja yajibiwe kwa wote. Uamuzi wa jopo uheshimiwe. Na haki ya kazi ibaki kwa aliyeibuni.

Hilo la mwisho litafute kwa tochi. Kuna masharti yanasema mwandaaji anaweza kuchapisha na kuonyesha kazi zako; hayo ni ya kawaida. Kuna mengine yanasema kazi zote zilizowasilishwa, zilizoshinda na zisizoshinda, zinakuwa mali ya mwandaaji, ambaye anaweza kuzijenga au kuzibadilisha bila kukuuliza. Sheria za hakimiliki za Tanzania na Kenya zinaitambua kazi ya usanifu kuwa kazi inayolindwa, lakini ukishatia alama kwenye kisanduku cha "nimekubali" umeshaiachia mwenyewe. Tafuta pia washindi wa awamu zilizopita. Kama hawaonekani popote, hata kwenye kurasa zao wenyewe, shika pesa yako.

Soma brifu kama mkataba

Maelezo ya shindano, ambayo studioni tunayaita brifu, yachapishe kwenye karatasi. Kwenye skrini jicho linateleza. Chukua kalamu tatu za rangi. Nyekundu kwa kila neno la lazima: ukubwa wa bango (ile karatasi kubwa ya michoro mtakayowasilisha), idadi ya mabango, skeli, idadi ya maneno, uzito wa faili, jina la faili. Bluu kwa kila kinachoombwa kwa jengo: vyumba, mita za mraba, idadi ya watumiaji. Kijani kwa maneno yanayojirudia bila kuwa sharti. Kijani ndiyo yenye siri. Kama neno "jamii" limetokea mara kumi na moja na "teknolojia" mara moja, umeshaambiwa majaji watatafuta nini.

Yale mekundu yaandike kwenye karatasi moja, bandika ukutani, na wiki ya mwisho mtayapitia mkiweka vema moja moja. Kigezo cha umri kiangalie kwa makini: ni umri wa siku gani, wa kujiandikisha au wa kuwasilisha, na ni wa timu nzima au wa mmoja tu? Mwanafunzi ni nani kwao? Aliyemaliza Julai bado anahesabiwa?

Kuhusu saa, nimeshalipa ada ya shule. Kila tarehe ya mwisho igeuzeni kuwa saa ya Afrika Mashariki na muiandike kwa maneno. Paris ikiwa baridi iko nyuma yetu saa mbili, ikiwa kiangazi saa moja. Kwa hiyo 23:59 ya Paris mwezi Januari ni saa saba na dakika 59 usiku wetu, na mwezi Juni ni saa sita na dakika 59. Halafu jiwekeeni tarehe yenu ya mwisho siku mbili kabla, na muiamini.

Kipindi cha maswali kitumieni. Wengi huona aibu kuuliza, wakidhani watajionyesha hawajui. Mwandaaji hajui ni nani anauliza, na majibu ya maswali ya wengine yanaweza kubadilisha sharti ulilokuwa umeshalichora.

Timu, na karatasi moja ya makubaliano

Watatu hadi wanne wanatosha. Usichague marafiki wanne wanaojua kurenda, yaani kutengeneza picha za jengo kwa kompyuta. Chagua mmoja anayefikiri kwa mikato (michoro ya jengo kana kwamba limekatwa kwa kisu likaonekana ndani), mmoja wa picha, mmoja anayeandika, na kama inaruhusiwa mtu wa nje ya fani. Mwanafunzi wa ukadiriaji majenzi atawaambia ukweli kuhusu bei mapema. Nesi aliyefanya kazi kwenye zahanati ya kijijini atawaambia kuhusu wodi ya wazazi jambo ambalo hamtalipata kwenye picha zozote za mtandaoni.

Kisha andikeni ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kawaida. Nani anatoa kiasi gani cha ada. Zawadi itagawanywaje. Majina yatapangwa vipi. Anayejitoa katikati jina lake linabaki au linaondoka? Kila mmoja ana ruhusa ya kuiweka kazi kwenye kitabu chake? Wote wasaini. Inaonekana kama kutoaminiana, lakini nimeona urafiki wa miaka mitano ukivunjika kwa sababu ya nafasi ya jina kwenye cheti ambacho hakikuwa hata na pesa.

Ada ya nje hulipwa kwa kadi. Kadi za mtandaoni zinazotolewa na huduma za pesa za simu zinafanya kazi mara nyingi, ila jaribuni wiki moja kabla ada haijapanda, kwa sababu muamala ukigoma kusubiri huduma kwa wateja ni adhabu.

Kiwanja usichokikanyaga

Hapa ndipo kazi nyingi za kutoka kwetu zinapoanguka, na ndipo zingeweza kushinda.

Vijana watatu wa Dar waliniletea michoro yao ya jengo la Tanaf. Nzuri kwa macho. Varanda ndefu ya kivuli ilikuwa upande wa kaskazini. Nikawauliza kwa nini kaskazini, wakanitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini maji yanalowesha. "Jua si liko kaskazini, kaka?" Kwa Dar, ndiyo. Jiji liko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na kuanzia mapema Machi hadi karibu Oktoba 10 jua la adhuhuri liko kaskazini mwetu. Mwili unalizoea hilo bila kujua. Tanaf iko karibu nyuzi 12 na nusu kaskazini mwa ikweta. Kule jua la adhuhuri linakuwa kusini tangu nusu ya pili ya Agosti hadi karibu mwisho wa Aprili, miezi minane. Varanda yao ingekaa kivulini peke yake huku madarasa yakichomeka upande wa pili. Waliugeuza mpango wote usiku ule.

Kwa hiyo, kabla ya umbo lolote, chora karatasi moja ya kiwanja. Latitudo, na jua linapita wapi kwa miezi gani. Upepo unatoka wapi: sisi wa pwani tuna kaskazi na kusi, Senegal wana upepo mkavu wa harmatani wenye vumbi wakati wa kiangazi. Mvua inaanza lini na kuisha lini. Casamance, eneo la kusini mwa Senegal ilipo Tanaf, ni takriban Juni hadi Oktoba, msimu mmoja mzito, si masika na vuli kama yetu. Maji ya mvua yanakwenda upande gani. Barabara, shule, kisima, mti mkubwa ambao watu tayari wanakaa chini yake.

Zana za bure zipo. OpenStreetMap kwa barabara na majengo, QGIS kwa kuzipanga ramani, picha za setilaiti za Google Earth kwa kuona kiwanja mwaka huu na miaka ya nyuma. Kama kiwanja ni cha huku nyumbani una utajiri zaidi: mradi wa Ramani Huria ulichora mitaa ya Dar es Salaam pamoja na maeneo ya mafuriko kwa msaada wa wanafunzi na wakazi, na Zanzibar visiwa vilipigwa picha kwa droni. Na kama kiwanja kiko umbali wa daladala mbili, nenda. Nenda saa saba mchana na urudi saa mbili usiku. Kaa, hesabu wanaopita.

Baada ya jua, vifaa. Andika vifaa vitano vinavyopatikana pale, na kwa kila kimoja: kinatoka wapi, kinabebwa na nini, kinaungwaje na kingine. Neno "endelevu" halijengi ukuta. Kisha peleka mchoro kwa fundi. Mimi nilipeleka paa langu la kupendeza kwa fundi wa kenchi Tegeta, mzee wa makamo, penseli sikioni. Akaliangalia kimya, akaweka kidole katikati.

"Injinia, hii mbao ya mita 9 unaikata kwenye mti gani?"

Mbao zinazouzwa pale ni za futi 12. Nikasema tutaunga. Akasema basi chora hapo unapounga. Nilipochora kiungo, paa likapata umbo jipya, kenchi ndogo ndogo zinazopokezana, na umbo hilo ndilo lililokuja kuwa wazo la jengo zima. Dakika kumi na fundi, na soda moja.

Wazo moja

Utafiti ukishakamilika, mtashawishika kuonyesha kila mlichogundua. Msifanye hivyo.

Mwaka 1981 Maya Lin, mwanafunzi wa Yale mwenye miaka 21, alishinda shindano la kumbukumbu ya wanajeshi wa Marekani waliokufa vitani Vietnam. Kazi zilikuwa 1,421. Michoro yake ilikuwa ya rangi za chaki laini, karibu haionyeshi kitu: pembe nyeusi ndani ya majani. Lakini wazo lilikuwa moja, ardhi imekatwa, na kwenye ukuta wa mkato huo yapo majina zaidi ya 58,000 yakifuatana kwa tarehe ya kifo, si kwa alfabeti. Ukilisikia mara moja hulisahau.

Piano na Rogers kule Paris nao walikuwa na sentensi moja: jengo lisimame upande mmoja, karibu nusu ya kiwanja ibaki uwanja wa watu. Johannesburg, timu ya OMM Design Workshop na Urban Solutions ilishinda shindano la Mahakama ya Katiba kwa picha ambayo kila Mwafrika anaielewa kabla hujamaliza kuieleza: wazee wanaamua kesi chini ya mti. Ukumbi wa kuingilia una nguzo zilizoinama kama vigogo, na matofali ya gereza la zamani lililokuwa pale yalitumika tena. Mahakama ilifunguliwa 2004.

Kipimo changu ni cha kijinga lakini hakijanidanganya. Mpigie simu mama, au shangazi, mtu asiye na habari na usanifu, umwambie jengo lako kwa sentensi moja. Akiuliza swali kuhusu jengo, una wazo. Akisema "hongera mwanangu, Mungu akusaidie," huna.

Kuhusu picha za akili bandia: masharti mengine yanazikataza, mengine yanataka uzitaje. Pamoja na hayo, zina tabia ya kuchora paa lisilo na mahali pa kukaa, na jaji mhandisi ataliona.

Ratiba ya wiki sita

Wiki ya kwanza ni kusoma brifu na kiwanja, hakuna kuchora jengo. Ya pili, kila mmoja alete mawazo matatu kwa mkono, mwisho wa wiki libaki moja, na likishabaki halijadiliwi tena. Ya tatu na ya nne ni ramani, mikato na modeli, ya karatasi kwanza. Ya tano ni mabango na maandishi. Ya sita ni ya kurekebisha, umeme kukatika, laptopu kuzima na mtu kuumwa malaria, na vyote hivyo hutokea. Timu nyingi hutumia wiki nne kutafuta wazo na mbili kuteseka.

Bango

Jopo lililomchagua Maya Lin lilikaa siku tano. Kutoka 1,421 walichuja wakabaki na kazi 232, kisha 39, kisha moja. Ukifikiria siku ya kwanza kuwa ya saa 8 na jaji anazipitia zote, kila kazi inapata kama sekunde 20. Chora bango lako kwa ajili ya sekunde hizo kwanza.

Linapaswa kusomeka mara tatu. Kutoka mita tatu, jaji aone picha moja kubwa yenye wazo lote. Si picha nne zinazogombana. Kutoka mita moja, aone ramani ya sakafu na mkato. Karibu kabisa, asome jinsi bati linavyokutana na ukuta. Picha kubwa ichukue theluthi moja au zaidi ya bango. Ukiogopa kuikuza, huenda si picha sahihi.

Mkato ndio mchoro unaodharauliwa na wanafunzi na kupendwa na majaji. Unaonyesha jua linaingia hadi wapi, upepo unatoka wapi, mtoto amekaa wapi, maji ya paa yanaangukia wapi. Uchore mkubwa, weka watu ndani, na watu wafanye kitu: mama anachambua mchele, wazee wanacheza bao. Wale vivuli vya Wazungu waliovaa makoti vinavyopatikana bure mtandaoni, tafadhali, visionekane Tanaf. Chora watu wako, piga picha rafiki zako wamekaa kwenye kigoda, fuata mistari.

Skeli iandike kwa tarakimu na kwa mstari wa kupimia, kwa sababu bango likipunguzwa 1:100 inakuwa uongo. Alama ya kaskazini isikosekane. Rangi tatu zinatosha. Fonti moja, saizi tatu. Acha nafasi tupu; bango lililojaa kama kabati la mwanafunzi halisomwi.

A1 ni milimita 594 kwa 841. Kwa nukta 150 kwa inchi hiyo ni takriban pikseli 3508 kwa 4967, ambayo inatosha kwa skrini. Kwa kuchapa ukuta wa maonyesho peleka 300 kama uzito wa faili unaruhusu. Siku tano kabla ya mwisho, lichapeni kwa A3 steshenari, nyeusi na nyeupe, karatasi ya kawaida. Bandikeni ukutani, rudini nyuma hatua nne. Maandishi yasiyosomeka kwenye A3 yana shida, na picha inayokufa bila rangi ilikuwa inategemea rangi tu. Kisha mwiteni mtu asiyejua mradi, mpe sekunde 20, mfunike macho, mwambie aeleze alichoona. Msimkatize, msimsahihishe. Inauma.

Maandishi

Kwa kawaida wanataka maneno 200 au 300, kwa Kiingereza au Kifaransa. Yaandike kwanza kwa Kiswahili. Ukianza na Kiingereza utaangukia kwenye maneno makubwa yanayoelea, na ukiandika kwa lugha unayogombania daladala utalazimika kusema kitu. Sentensi ya kwanza iwe wazo lenyewe. Ya pili kiwanja. Halafu jengo linafanya kazi vipi kwa siku moja, kuanzia anayefungua mlango alfajiri. Halafu vifaa na nani anajenga. Usiwaeleze majaji kwamba jamii ile ni maskini. Wanajua, na wewe hukuitwa kuihurumia.

Kuwasilisha

Jina lako lisionekane popote. Si kwenye bango tu: fungua sifa za faili la PDF, mara nyingi programu imeandika jina la mwenye kompyuta mahali pa mwandishi. Lifute. Jina la faili liwe lile lile brifu linalotaka, pamoja na mistari ya chini na herufi kubwa. Fungueni faili kwenye simu na kwenye kompyuta ya mtu mwingine, kwa sababu fonti hupotea. Pakieni mchana, si usiku wa mwisho ambapo dunia nzima inapakia. Kuweni na bando la mtandao wa pili na fleshi mbili. Baada ya kupakia, pigeni picha ya skrini inayothibitisha, na msubiri barua pepe. Isipofika ndani ya siku moja, andikeni.

Matokeo yakitoka

Kama umeshinda, kabla ya kuruka, soma tena masharti: zawadi inalipwa lini, kwa njia gani, kodi ya nani, na kama jengo litajengwa nani atasimamia na wewe utaitwa nani. Ukihitaji ofisi iliyosajiliwa ya kusimama nayo, huo ndio wakati wa kumtafuta mwalimu au mtangulizi unayemwamini, na makubaliano yawe ya maandishi pia. Pesa igawanywe siku inayoingia, kwa ile karatasi mliyosaini.

Kama hukushinda, na mara nyingi itakuwa hivyo, usiweke kazi mtandaoni hadi muda wa siri uishe. Kisha pakua mabango ya washindi na ripoti ya majaji. Yachape yale matatu ya kwanza kwa A3, bandika la kwenu katikati yao, kaeni chini timu nzima na chai. Msiulize kwa nini wao ni bora. Ulizeni swali dogo: waliacha nini ambacho sisi tuliweka? Sisi, mara ya kwanza tulipofanya hivyo, tulihesabu picha 23 kwenye bango letu. Mshindi alikuwa na tano. Mwenzetu akachukua kalamu nyekundu, akaanza kuweka alama ya kufuta, akafika ya kumi na nane, akasema, "Hebu nifungulie lile faili." Bango lililokuja kutupatia nafasi ya kwanza ya kazi ofisini ni hilo lililobaki baada ya kufuta.